Kitufe cha Chuma

Walinzi wenzake walimwita Ukuta kwa sababu ya mgongo wake, na jina likamkaa kama vile amezaliwa nalo. Alikuwa mpana, shingo fupi, suti ya kijivu inambana mabegani. Ukimwona amesimama nyuma ya Mama Hakimu mlangoni pa mahakama, ungedhani hata lori likija litamzunguka. Watu wanadanganywa na mabega. Ukuta alikuwa mwoga wa kutupwa. Aliogopa tangu asubuhi anapofunga mkanda mpaka jioni anapoufungua, na kazi aliifanya vizuri kwa sababu hiyo hiyo, maana mtu mwenye hofu kama yake hawezi kusinzia kazini.

Siku hizo hofu yake ilikuwa na sababu. Mama Hakimu alikuwa anakaribia kutoa hukumu ya mtu mmoja mwenye ndugu wengi na hasira nyingi, aliyechoma ghala la mpinzani wake huku mlinzi wa ghala akiwa ndani. Ndugu zake walihudhuria kila kikao. Hawakutukana wala kutishia, walikaa benchi la nyuma na kumtazama hakimu kwa zamu. Ukuta alizikariri sura zao zote, pua kwa pua, mpaka akawa anawaota.

Kwa hiyo alikuwa anapiga hodi mara nyingi kuliko kawaida. Hodi ni neno la walinzi. Bastola inakaa kiunoni upande wa kulia, chini ya koti, na mlinzi hafunui koti mbele za watu kuangalia kama ipo. Anaibana kidogo kwa kiwiko, akiisikia imegusa ubavu, moyo unatulia. Hodi, ipo. Hufundishwa siku ya kwanza kazini, na baada ya miaka michache kiwiko kinapiga chenyewe, mwenye kiwiko hana habari. Mtu akikohoa nyuma, hodi. Mlango ukifunguka, hodi. Ukuta alipiga hodi hata harusini.

Mkosi wa kwanza ulimpata kwenye uwanja wa shabaha. Zamu yake ilipofika akachomoa bastola kwa haraka kama walivyofunzwa, akanyoosha mkono, na magazini ikadondoka miguuni pake. Magazini ni kile kisanduku chembamba cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini, na kinachoizuia isitoke ni kitufe kimoja tu cha ubavuni, kidogo kama punje ya harage. Ukikibonyeza, magazini inatoka. Usipokibonyeza, inatakiwa itulie. Yeye hakubonyeza chochote, na magazini ilikuwa imelala mchangani.

"Ukuta umeangusha tofali!" akapaza sauti Twiga, mlinzi mmoja mrefu asiyekosa neno, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ukuta naye alicheka, maana ungefanyaje. Lakini akilini hakuwa tena uwanjani. Alikuwa anaona ngazi za mahakama, na mmoja wa wale wa benchi la nyuma anazipanda, na magazini yake inadondoka vilevile.

Siku hiyo hiyo akateremka kwenye ghala la silaha, chumba cha chini chenye harufu ya mafuta ya mashine, ambako fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kijana mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, mikono myeusi hadi kwenye kucha. Aliifungua bastola juu ya kitambaa, akakitoa kile kitufe, akakiinua kwenye taa.

"Kimelika," alisema. "Ona ukingo wake, umekuwa mviringo. Haushiki tena. Plastiki hii, shemeji, nayo inazeeka kama sisi."

"Basi niwekee cha chuma."

"Nitakuwekea cha plastiki, kipya."

"Kipo?"

"Kinakuja wiki ijayo, wakipenda."

Ukuta akamtazama kama mtu aliyeambiwa arudi kesho na jengo linaungua. Shemeji yake akaweka kitufe chini, akaanza kueleza, na alipoanza kueleza hakuwa mtu wa kukatizwa. Magazini nayo ina plastiki ubavuni, alisema, pale kitufe kinapoingia na kuishika. Ukiweka chuma, chuma kitaila magazini polepole bila mtu kuona. Ukiweka plastiki, kinacholika ni kitufe, na kitufe ni kitu kidogo, unabadilisha maisha yanaendelea. Waliotengeneza hawakuwa wajinga. Walikifanya dhaifu makusudi.

"Wewe unaona udhaifu," alimalizia, "mimi naona hekima."

"Shemeji, mimi siwezi kutembea na hekima kiunoni. Nataka kitu kisichovunjika."

Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye droo iliyo wazi. Humo kulikuwa na pakiti ya vitufe vya chuma, vyeusi, vinang'aa, virefu kuliko vya kawaida. Muuzaji mmoja aliviacha vijaribiwe. Vilikuwa vya wale wanaoshindana kulenga shabaha, ambao wanataka dole gumba lifike upesi wabadilishe magazini haraka. Shemeji yake alivitupa mle na kuvisahau.

"Hicho," alisema Ukuta.

"Hicho ni cha michezo."

"Ni chuma?"

"Ni chuma, lakini kimejitokeza mno, shemeji, kinaweza..."

"Dada yako akibaki mjane, utakwenda kumweleza habari za hekima?"

Hapo aligusa penyewe. Yule kijana alilelewa na dada yake huyo, hakuwa na mama mwingine. Akachukua bisibisi, akakifunga kitufe cha chuma. Kiliingia kwa mlio mkavu. Ukuta akatikisa bastola, akaigonga na kiganja, akaielekeza juu na chini. Magazini ilitulia tuli. Alitoka mle ndani anatembea kama mtu aliyepona homa.

Raha hiyo haikudumu. Asubuhi moja gari la Mama Hakimu liliingia uani mwa mahakama, Ukuta akateremka kutoka kiti cha mbele ili amfungulie mlango wa nyuma. Alipogeuka kufunga mlango wake akaiona magazini. Ilikuwa imelala kwenye kiti alichokuwa amekalia, imejaa risasi, kama simu iliyosahauliwa. Jasho jembamba likamtoka. Mama Hakimu alikuwa anapekua mkoba wake, dereva anatazama kioo. Ukuta akainyakua, akaichomeka chini ya koti, akafungua mlango wa nyuma na kusema, "Karibu, mheshimiwa," kwa sauti ambayo hakuitambua. Ng'ambo ya ua, kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama, ndugu wawili wa yule mshtakiwa walikuwa wanavuta sigara.

Mchana akateremka tena ghalani. Safari hii hakukaa.

"Kimeachia," alisema. "Hicho chuma chako kimeachia."

"Chuma changu?" Shemeji yake akavua miwani. "Leo kimekuwa changu?"

Wakakijaribu. Waliibamiza bastola juu ya meza, wakaikung'uta, wakaiangusha kwenye gunia la mchanga, wakaifunga kwenye jiriwa na kuvuta magazini kwa koleo. Haikutoka. Yule fundi alikuna kichwa mpaka nywele zikasimama. Ukuta akaichomeka bastola kiunoni, akaegemea meza, amekata tamaa. Hapo mtu fulani huko juu akaufunga mlango wa chuma kwa kishindo.

Tk.

Ulikuwa mlio mdogo sana, lakini fundi aliusikia, maana masikio yake yaliishi kwa milio ya namna hiyo.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya sasa hivi. Kwa mkono."

"Sijafanya kitu."

"Umefanya, shemeji. Umepiga hodi."

Akamfunua koti. Magazini ilikuwa imechungulia nje ya mpini kwa upana wa kidole. Sasa wote wawili wakaelewa. Kitufe kinakaa upande wa ndani, upande unaogusa mwili. Kile kifupi cha plastiki hakikuwahi kufikiwa na chochote. Hiki kirefu kilifika. Kila Ukuta alipoibana bastola kwa kiwiko ili ajue kama ipo, ubavu wake mwenyewe ulikuwa unabonyeza kitufe na kuinyang'anya risasi zake. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokuwa anajivua silaha.

"Kitambi," alisema shemeji yake. "Mapishi ya dada yangu ndiyo yanabonyeza."

Wakacheka. Wakacheka mpaka wakashika meza, halafu wote wakaacha kwa pamoja, kwa sababu hukumu ilikuwa kesho.

Kijana akajaribu kukipunguza kile kitufe kwa tupa, tupa ikateleza juu yake bila kuacha hata mkwaruzo. Plastiki mpya haikuwa imefika. Bastola nyingine zote zilikuwa viunoni mwa wenyewe. Akaokota kwenye kopo la taka kile kitufe cha zamani kilicholika, akakiweka kwenye kitambaa kando ya cha chuma.

"Chagua," alisema. "Hiki kitaangusha magazini kikijisikia chenyewe. Hiki kitaiangusha ukitaka wewe."

"Mimi sitaki."

"Kiwiko chako kinataka."

Angeweza kupanda juu na kumwambia afande, mkuu wa kikosi, kwamba bastola yake ina kasoro. Afande angempumzisha na kumpeleka mtu mwingine mahakamani. Lakini mtu huyo asingezijua sura za benchi la nyuma, pua kwa pua. Ukuta alilifikiria hilo amesimama pale. Kisha akakisogeza cha chuma mbele.

"Sitaigusa," alisema. "Nitajikaza."

Kesho yake alitembea na mkono wa kulia umeachana na mwili. Dereva alimtazama kwa kioo, akashindwa kuvumilia.

"Bosi, una jipu kwapani?"

"Endesha gari."

Sijui kama umewahi kukatazwa kugusa kitu ambacho ndicho pekee kinachokutuliza. Ndani ya chumba cha mahakama Ukuta alisimama nyuma ya kiti cha hakimu, na kila aliyekohoa alimchoma. Hakuwa na uhakika kama bastola ipo. Akili ilimwambia ipo, uzito wake aliusikia kwenye mkanda, lakini mwili wake haukuamini. Mikono ilimtoa jasho mpaka akaipangusa kwenye suruali. Mama Hakimu alisoma hukumu yake yote kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka, hadi alipofika mwisho na kusema kifungo cha maisha. Benchi la nyuma likalipuka. Wanawake walipiga mayowe, viti vikaburutwa, askari wakasogea mbele. Ukuta akahesabu sura. Mdogo wao wa mwisho hakuwepo.

Akamtoa hakimu kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na ukumbi mwembamba, halafu ngazi za saruji zinazoteremka hadi kwenye gari. Walikuwa wanashuka kundi la kwanza la ngazi, yeye mbele, Mama Hakimu nyuma yake, pale mlango wa chini ulipojibamiza. Kiwiko cha Ukuta kikabana.

Kilibana chenyewe, kama jicho linavyopepesa. Alipotambua alikuwa ameshafanya. Je, imelia tk? Mayowe ya juu yalikuwa yanateremka hadi ngazini, hakusikia kitu. Alitaka kufunua koti aangalie, lakini angefunua vipi na mheshimiwa yuko mgongoni kwake, na chini kuna mtu? Kwa maana mtu alikuwepo. Kwenye kituo cha ngazi, pale zinapokata kona, alisimama mfagizi mwenye ovaroli la bluu, ameinamia ndoo, anakamua tambara.

"Pole na kazi," alisema Mama Hakimu, kwa sababu alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu.

Mfagizi akainua uso. Alikuwa yule mdogo wa mwisho. Kwenye tambara alikuwa ameshika kisu cha buchani.

Ukuta akachomoa. Mkono ulinyooka vizuri, kama uwanjani, na kama uwanjani magazini ikatoka kwenye mpini. Iligonga ngazi ya kwanza, ikagonga ya pili, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha yule kijana na kusimama hapo. Wote watatu waliitazama.

Kijana akaipiga teke, ikapotea chini. Akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyetua mzigo.

"Nyie," alisema, "hata risasi zenu zinawakimbia."

Akaanza kupanda.

Kuna jambo moja alilolijua Ukuta na yule kijana hakulijua. Magazini ikitoka, risasi moja hubaki juu, ndani ya chemba nyuma ya mtutu, tayari. Moja tu. Alitaka kupaza sauti aseme simama, ulimi ukagoma. Alitaka kumsukuma Mama Hakimu arudi juu, lakini Mama Hakimu alikuwa ameshika koti lake kwa nyuma kwa mikono miwili. Akabaki amesimama, kimya, mkono umenyooka, anamwona yule kijana anakuja bila haraka, kisu kimelegea mkononi, kama anayekwenda kumnyang'anya mtoto toi. Zilipobaki ngazi chache tu kati yao Ukuta akafyatua.

Kijana alianguka na kuteleza hadi kwenye ndoo, maji machafu yakammwagikia. Risasi ilikuwa imeingia pajani. Mwanzoni hakulia kwa maumivu. Alimwangalia Ukuta kama mtu aliyedhulumiwa.

"Haina magazini," alisema. "Haina magazini hiyo. Haina."

Chini kukasikika viatu vinapanda mbio, watu wengi. Ukuta akaelekeza huko bastola ambayo sasa ilikuwa tupu kabisa, na akasubiri kufa. Walikuwa askari wa mahakama. Walimpita, wakamfunga pingu yule kijana, wakapiga simu, wakapigiana kelele, na Ukuta bado alikuwa amenyoosha mkono. Mama Hakimu ndiye aliyeushika na kuuteremsha, taratibu, mpaka ukafika pembeni mwake.

Kamera ya ngazini iliona kila kitu isipokuwa hofu. Siku iliyofuata afande aliwakusanya walinzi wote wakaitazama picha ile, akaisimamisha pale magazini inapoanguka, akageuka na macho yake yana machozi ya fahari.

"Mnaona? Adui ana kisu, yuko mbali, akiona bastola atakimbia atatupotea. Ukuta anafanyaje? Anaangusha magazini! Anamfanya adui aamini hana kitu. Anamngoja. Hasemi neno. Anamvuta, anamvuta, halafu paja. Hakumwua, amemkamata mzima. Huyu ni mtu wa namna gani?"

"Afande," alisema Ukuta, "iliponyoka."

Afande akampiga begani kwa kofi la upendo. "Na bado ana unyenyekevu!"

Wakapiga makofi. Ukuta akapewa likizo ya kupumzika, na ile mbinu ikapewa jina, ikaitwa mtego wa Ukuta. Mkewe aliipata habari sokoni kabla ya yeye kufika nyumbani.

Kwenye likizo yake hakupumzika. Akisikia mlango wa choo unajibamiza anaona zile ngazi. Siku moja alipopita ghalani kumsalimu shemeji yake, akawakuta wenzake wamejipanga mstari hadi nje ya mlango, kila mmoja ameshika bastola yake, wanacheka na kusukumana. Wa mbele kabisa alikuwa Twiga.

"Nianze mimi, fundi," alikuwa anasema. "Kesho nashika zamu kwa Mama Hakimu badala ya Ukuta. Nifungie kirefu cha chuma kama chake."

Ukuta alihisi sakafu inamkimbia. Akapita katikati yao hadi mezani. Ile pakiti ya muuzaji ilikuwa imepasuliwa, na kando yake palikuwa na pakiti nyingine, kubwa zaidi, mpya.

"Nimemwambia afande ni hatari," alisema shemeji yake kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. "Akaniambia niache wivu. Ni amri."

Ukuta akawageukia wenzake. Aliwaeleza yote kama yalivyokuwa, hodi, ubavu, kiti cha gari, kiwiko kilivyobana ngazini. Alieleza vibaya, maneno yanagongana. Waliposikia alibakiwa na risasi moja kwa sababu ya kitambi, walicheka mpaka Twiga akajishika kwenye mlango.

"Huyu anataka abaki nayo peke yake," alisema Twiga akipangusa macho. "Ukuta, tuachie na sisi tuwe mashujaa kidogo. Na kama ni kitambi, mimi sina."

"Una mfupa wa nyonga."

"Na ninao mzuri," alisema Twiga, na mstari ukacheka tena.

Wale ndugu wengine walikuwa bado mitaani. Ukuta aliwajua kwa sura. Akatoka ghalani bila kuaga, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Hakimu, kwa sababu kulikuwa na shahidi mmoja tu aliyesimama pamoja naye kwenye ngazi ile, na afande asingethubutu kumcheka.

Alimkuta sebuleni, peke yake, jua la alasiri limejaa ndani. Ukuta alishtuka. Kwa miezi yote ya kesi ile mapazia yalikuwa yamefungwa. Sasa yalikuwa wazi, mlango wa barazani nao wazi, na Mama Hakimu amekaa na kanga na miguu mitupu, anamenya chungwa.

"Karibu, Ukuta, karibu baba. Kaa. Unaonaje nyumba yangu? Imerudi kuwa nyumba." Akamkatia nusu ya chungwa. "Nikuambie kitu. Kwa muda mrefu nilikuwa silali. Mwanangu akipiga simu namwambia nalala, lakini nakaa macho nasikiliza geti. Tangu siku ile nalala. Nikiamka nasema, mtu anayeweza kuangusha risasi zake makusudi mbele ya kisu, na asitikisike, ana mpango wake. Hao hawatampita. Hata nikiletewa mwingine, ninyi wote mmefundwa hivyo."

Ukuta alishika lile chungwa, maji yake yakimtiririka kwenye kifundo cha mkono. Angeweza kulila, akashukuru, akaondoka. Alitamani sana kuondoka.

"Mama," alisema, "sikuiangusha."

"Unasemaje?"

"Iliponyoka. Ina kitufe kibaya. Mimi mwenyewe nilikibonyeza kwa uoga bila kujua. Na kesho anakuja mwenzangu na kitufe hicho hicho, wote wamefungiwa, wanadhani ni mbinu. Nimewaambia wananicheka. Wewe ulikuwepo, mama. Ulinishika koti."

Mama Hakimu akaweka kisu cha matunda kwenye sahani. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ile ya kitini, isiyopanda wala kushuka.

"Ulijua kuna risasi iliyobaki?"

"Nilijua. Moja."

"Kwa nini hukusema kitu? Ulisimama kimya."

"Sauti ilikataa."

"Lakini ulimpiga paja. Afande wako ameniambia mlinzi hodari huchagua paja."

Ukuta akatazama zulia. Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

"Nililenga kifua, mama. Mkono ulikuwa unatetemeka. Ingekwenda pembeni kidogo tu, isingempata kabisa."

 Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Mama Hakimu akainuka, akaenda akaufunga mlango wa barazani, akazungusha ufunguo, akavuta na mapazia, moja baada ya jingine, mpaka sebule ikawa na giza lile la zamani. Akarudi na simu, hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye kochi kando ya Ukuta, karibu sana.

"Afande," alisema, "naongea mimi. Leo hii, kabla jua halijazama, vitufe vyote vya chuma vitolewe. Hapana, nisikilize. Haikuwa mbinu. Nilikuwepo." Upande wa pili afande alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mama Hakimu akaendelea kueleza, neno kwa neno, bila kigugumizi, kama anayesoma hukumu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umekamata mkono wa koti la Ukuta. Simu ilipokwisha aliiweka mezani, wakakaa wawili hao gizani wanasikiliza geti, na hakuuachia ule mkono wa koti.